Ninusie

Ilikuwa zamu ya usiku, saa tisa kasorobo, katikati ya Juni 2020. Wodi imetulia, wa kitanda cha 4 tu anakoroma. Nikaingia chumba cha troli, nikashusha barakoa hadi kidevuni, nikafungua kibakuli alichonifungia mamangu: mahamri matatu na mbaazi za nazi. Mamangu hatii iliki ya pakiti. Huinunua na maganda yake, akaitwanga mwenyewe, na siku ya mahamri hata nguo zilizoanikwa uani huanuliwa zikinukia iliki. Nikauma hamri. Utamu upo, ulaini upo, mafuta yapo. Iliki hakuna.

Nikasema moyoni, leo bi mkubwa kasahau. Nikachovya kwenye mbaazi. Chumvi naipata, uzito wa tui naupata ulimini, lakini nazi yenyewe sijui imekwenda wapi. Nilikuwa kama natafuna sifongo iliyolowa maji ya chumvi.

Hapo moyo ukapiga paa. Nikafunika kibakuli, nikafungua chupa ya spiriti pale kwenye troli, nikaiweka chini ya pua. Ikaniwasha, haikunuka. Nikatoa Vicks mkobani. Baridi ikapanda hadi kwenye paji la uso, harufu wapi. Nikaenda chumba cha kumwagia uchafu, nikainamia ndoo ya jiki hadi macho yakatoa machozi. Ndoo ile, siku nyingine, hunifanya nikohoe nikiwa bado mlangoni.

Sisi Waswahili hatusemi tu kwamba tunanusa harufu, tunasema tunaisikia. Basi usiku ule pua yangu ilikuwa imeingia uziwi.

Nilijua ni nini: korona. Tangu Machi wataalamu wa masikio, pua na koo wa Uingereza walikuwa wamepiga kelele kwamba watu wanapoteza harufu ghafla, wengine bila homa wala kikohozi, na ujumbe ule ulizunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya wauguzi ukitumwa na kutumwa tena. Serikali yao yenyewe ilichukua hadi tarehe 18 Mei kuiingiza dalili hiyo kwenye orodha rasmi. Huko Uholanzi walikuwa wamewauliza wahudumu wa afya waliopimwa mwezi huo wa Machi, na kati ya waliokutwa na virusi karibu nusu walisema harufu imepotea, ilhali kwa waliokuwa hawana virusi ni wa kuhesabu kwa vidole. Yaani pua ilikuwa inasema ukweli kuliko kipimajoto. Lakini fomu ya mlangoni kwetu, ile uliyojaza kila ukiingia zamu, iliuliza homa, kikohozi na kupumua kwa shida. Mimi jioni ile nilikuwa nimeijaza vizuri kabisa: hapana, hapana, hapana. Joto 36.4. Pita.

Nikamwita mwenzangu wa zamu, nikamwambia asinikaribie. Asubuhi nikapimwa, kile kijiti kinachokwenda kugusa mahali usipojua una mahali. Majibu yakachukua siku nne kufika, na yalipofika sikuyahitaji tena.

Wizara ya Afya ilikuwa ndiyo kwanza imetoa mwongozo wa kuwahudumia watu nyumbani, kwa hiyo nikapewa chumba cha nyuma cha nyumba yetu huku Likoni, sahani yangu, kikombe changu, na mamangu akawa ananiwekea chakula kwenye kigoda mlangoni kisha anarudi nyuma hatua sita kama anayemlisha simba. Homa ilinishika siku mbili. Mwili uliuma kama niliyepigwa mchi. Kifua hakikunisumbua, namshukuru Mungu, maana wakati ule Mombasa ilikuwa imefungwa, huingii hutoki, na tulishawaona walioletwa wakiwa wanatafuta pumzi. Majirani waliambiwa nina malaria. Hawakuamini, lakini walikuwa na adabu ya kujifanya wameamini.

Binamu yangu wa Tanga akapiga simu: piga nyungu, dada, utapona. Mamangu naye hakungoja ushauri wa Tanga, alishachuma mwarobaini. Nikajifukiza mara moja ili mzee wangu aridhike. Mvuke ukanichoma shavu, majani ya mwarobaini yakabaki maji ya moto tu.

* * *

Kwenye orodha ya vifaa vya wodi kuna troli, mkasi, kipimajoto, mashine ya presha, mitungi. Pua haimo. Lakini muulize muuguzi yeyote wa wodi ya upasuaji atakwambia.

Niliingia wodini mara ya kwanza 2011, mwanafunzi, na sista mmoja wa makamo aliyenifunza kazi alikuwa na mtindo wake. Akifika kando ya kitanda husimama kwanza. Hafungui kitu, hagusi faili. Anavuta pumzi. Mimi nilidhani ni uchovu. Siku moja akasimama hivyo mbele ya mgonjwa aliyefungwa bandeji nyeupe safi, akaniambia, "Leta glavu, na umwambie daktari asiondoke." Tulipofungua, shashi ya ndani ilikuwa ya kijani. Wale bakteria wanaoitwa Pseudomonas wana harufu ya utamutamu, kama zabibu zilizochacha, nayo huwahi kufika kabla hujaona rangi.

Ukishazoea, pua inakuwa faili la pili. Kinyesi cheusi cha mtu anayevuja damu tumboni, ukikinusa mara moja hukisahau hadi kufa. Mgonjwa wa sukari aliyezidiwa pumzi yake hufanana na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Aliyekunywa dawa ya wadudu mara nyingine anatoa harufu kama ya kitunguu saumu, na nilipokuwa idara ya dharura hilo lilitusaidia zaidi ya maelezo ya jamaa waliokuwa wanaficha aibu. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kwa kudhani ni maji, huhitaji hata kumuuliza mamake. Na usaha wa kawaida ni kitu kimoja, nyama iliyoanza kufa ni kitu kingine, na mpaka kati ya hivyo viwili hauandikiki. Unausikia tu.

Nilirudi kazini mwanzo wa Julai. Cheti kinasema nimemaliza siku, sina dalili. Nilipomwambia aliyekuwa anapokea vyeti kwamba bado sisikii harufu, akanitazama kama niliyelalamikia kucha. Simlaumu sana. Tarehe 10 Julai akafariki Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza nchini Kenya kuchukuliwa na ugonjwa huu, na siku ile wodini hakuna aliyekuwa anaongea. Nani angesimama mbele ya watu siku kama ile aseme, jamani, mie sisikii iliki? Nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza, na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Kulikuwa na mzee, mgonjwa wa sukari, kidonda cha mguu wa kulia, chini ya kidole kidogo. Mvuvi wa zamani, mpole, kila ukimfunga kidonda anakuuliza bahari leo iko vipi, maana anajua nimevuka na feri. Nilimfunga Jumatatu. Nikamfunga Jumatano. Nilifanya kila kitu kwa utaratibu: maji ya chumvi, shashi, nikaangalia kingo, nikaandika. Kidonda kilikuwa na utando wa manjano kiasi, ukingo mmoja umefifia rangi. Macho yangu yaliona kidonda cha mguu wa mgonjwa wa sukari. Nikaandika "kinaendelea".

Alhamisi mkewe akaja kumletea nguo. Wakati ule wageni walikuwa hawaruhusiwi kukaa, alipewa dakika chache tu. Akanivuta kando, akashika leso yake mdomoni, akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayenisitiri mimi, "Mwanangu, samahani, huo mguu unanuka. Tangu juzi alipopigiwa simu mwenyewe alisema unanuka. Nikadhani nyinyi mnajua."

Mzee mwenyewe alikuwa anasikia. Aliona haya kuniambia.

Tukafungua pale pale. Nikambonyeza kando ya kidole, yakatoka maji ya kijivu kwa ndani, chini ya ngozi iliyoonekana nzima. Daktari wa upasuaji alikuja mchana, Ijumaa kidole kikakatwa. Nilimuuliza daktari, tungewahi Jumatatu? Akasema kidole kile pengine kingeenda hata hivyo, mishipa yake ya damu ilikuwa mibovu. Alisema "pengine". Mzee alibaki na mguu na akaenda zake nyumbani kabla ya Idi ya kuchinja. Siku anaondoka akaniuliza tena habari za bahari. Nikamwambia imetulia.

* * *

Jumatatu iliyofuata nikamwendea mama wa usafi wa zamu yetu. Ni mtu mzima, yuko wodini miaka mingi kuliko mimi, na ameona vidonda zaidi ya madaktari wengi ingawa hakuna aliyewahi kumuuliza maoni. Nikamwambia, "Mama, pua yangu imekufa. Nikikuita kitandani, njoo uninusie."

Akacheka hadi akashika mopu kwa mikono miwili. "Sista, mimi nalipwa kudeki, silipwi kunusa."

Lakini alikuja. Kila siku, vitanda vya vidonda, mimi nafungua yeye anasimama kwa nyuma na ndoo yake na mopu ili ionekane yuko kazini kwake. Hakuwa na maneno ya kitabuni, na sikuyahitaji. "Hiki kina vumba kidogo." "Hiki ni cha jana tu, hakina neno." "Huyu mwite daktari." Mara moja alisema cha kitanda cha 11 kinanuka kama kisima kilichofiwa na paka, nikaenda kuandika "harufu mbaya, ya uozo" huku nacheka. Niliandika kila alichosema na hakuna aliyejua pua ilikuwa ya nani. Inchaji wetu, sista mkuu wa wodi, alipogundua, wiki ya tatu, hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama na mimi kahawa naisikia kama maji ya moto. Kumbe tulikuwa wawili. Tulipoanza kuulizana kwa siri, tukawa watano, kwenye wodi moja.

Halafu ukatokea upande wa pili wa jambo hili, na huu sijawahi kuuandika popote.

Watu walipojua sisikii harufu, nikaanza kupewa vile vitanda ambavyo wengine walikuwa wanavipangia zamu kwa kuviziana. Mwanzo kwa utani, baadaye ikawa utaratibu. Kwenye chumba cha pembeni alilazwa mama mmoja wa saratani ya titi, imepasuka nje, kidonda kipana kama kiganja kilichofunguliwa. Tulikuwa tunakiwekea vidonge vya Flagyl vilivyosagwa ili kupunguza uvundo, na mlangoni kuna bakuli la mkaa. Wenzangu si watu wabaya. Walikuwa wanaingia, wanafanya kazi kwa haraka na kwa ustadi, pumzi imezuiwa, wanatoka. Hata barakoa mbili hazikuwa zinatosha. Bintiye mwenyewe alikuwa anasimama karibu na dirisha.

Mimi nilikaa kitandani. Nilikuwa naloweka shashi taratibu hadi ijiachie yenyewe bila kuvuta, kazi ya dakika arobaini ukiifanya vizuri, na tulikuwa tunazungumza. Alikuwa fundi wa kushona kanga za arusi na mapazia, alinieleza tofauti ya sindano ya hariri na ya pamba, jambo ambalo silihitaji na ninalikumbuka hadi leo. Siku moja akaniwekea mkono juu ya glavu. Akasema, "Mwanangu, barakoa inaficha mdomo, macho haiyafichi. Kila anayeingia hapa namwona macho. Wewe peke yako hujakunja uso. Mungu akulipe."

Ningemwambia nini? Kwamba siukunji kwa sababu siusikii? Nikasema, "Amin, mama." Nikaendelea kuloweka shashi.

Alirudishwa kwao Kilifi mwezi wa Agosti, na habari zilizofuata ni zile mnazozijua. Sifa ile aliyonipa haikuwa yangu, lakini ile dakika arobaini aliipata kweli, na mimi bado sijui niiweke fungu gani.

* * *

Mnisamehe, kidogo nieleze kilichokuwa kinaendelea humo puani, maana nimechoka kusikia watu wakisema "ulimi ulikufa".

Ulimi haukufa. Ulimi wa mtu unajua mambo machache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule utamu mzito wa supu ya mifupa. Mengine yote, kinachotofautisha embe na papai, changu na kuku, ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani wakati unatafuna. Ndiyo maana mahamri yangu yalibaki na sukari bila iliki. Nao ukali wa pilipili, moto wa tangawizi na baridi ya Vicks haumo kwenye hesabu hiyo, hupokewa na neva ya uso inayosikia maumivu na joto. Miezi ile nilikula pilipili kama mtu wa kisasi, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa kinanijibu.

Kuhusu virusi vyenyewe, katikati ya 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba neva za harufu hazina ule mlango ambao virusi huingilia. Wenye mlango ni seli jirani, zile zinazozishikilia na kuzihudumia. Ni kama shughuli ya arusi: mpishi mzima wa afya, lakini wachota maji na wapasua kuni wote wamelala. Pilau haliivi. Kwa wengi wahudumu hao huzaliwa upya baada ya wiki mbili tatu na harufu ikarudi. Kwa wachache, tathmini moja ya tafiti nyingi iliyotoka 2022 iliwaweka karibu 5 katika kila 100, miezi sita inapita bila kurudi sawasawa. Neva nazo huota upya, ila zikirudi hazijui zinaunganishwa wapi, kama fundi wa stima aliyerudisha waya bila kutazama rangi.

Mimi fundi wangu alikuja Septemba.

Nilikuwa napita Mji wa Kale baada ya zamu, alasiri, muuza kahawa ameketi na dele lake la shaba na sinia la kashata. Nikasikia kitu. Miezi mitatu ya ukiwa, ghafla kitu! Nikasimama kama niliyeitwa jina. Furaha ile ilidumu pumzi moja. Pumzi ya pili ikaniambia ni tairi linaloungua juu ya jalala, na linatoka kwenye kile kikombe.

Kahawa, kitunguu kinachokaangwa, kitunguu saumu, kuku, dawa ya meno, jasho langu mwenyewe: vyote vikawa harufu moja, ya kuungua na kuoza kwa pamoja. Kiswahili kina neno la kinachonukia na neno la kinachonuka, herufi moja tu katikati, na mimi herufi ile iliniponyoka. Vya kunukia vyote vilinuka. Udi wa mamangu ulinifanya nikimbilie nje. Siku ya maulidi ya jirani, pilau lilipofunuliwa, nilitapika nyuma ya nyumba mbele ya watoto. Na wodini, jambo la ajabu, usaha haukunikera kuliko kitunguu. Kidonda na mchuzi wa kuku vilikuwa jamaa wa tumbo moja. Nilipungua kilo 7. Nyumbani wakaacha kukaanga kitunguu nikiwepo, tukawa tunakula wali wa nazi uliopoa, ndizi, maziwa ya mgando. Mamangu, mwanamke aliyepika arusi za watu mia tatu, anachemsha ndizi bila kitu. Hakulalamika, ila nilimwona siku moja amesimama mbele ya rafu ya viungo, anafungua kifuniko kimoja kimoja, ananusa, anafunga.

Mazoezi ya pua nilianza mwezi wa Oktoba. Ni mtindo wa daktari mmoja wa Dresden, Ujerumani, Thomas Hummel, aliyeuandikia tangu 2009, zamani kabla ya korona: harufu nne, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12 na zaidi, kila moja sekunde chache huku ukiikumbuka ilivyokuwa. Waridi, limau, mkaratusi, karafuu. Niliposoma orodha nilicheka peke yangu. Huko Ulaya watu walikuwa wanaagiza chupa ndogo ndogo za mafuta kwa bei ya kutisha. Mimi nilikwenda jikoni. Marashi ya waridi yapo tangu arusi ya dadangu. Limau lipo uani. Karafuu ya Pemba ipo kwenye kopo la maziwa, imejaa. Ikanibidi kununua mafuta ya mkaratusi tu.

"Kunusa karafuu asubuhi na jioni," mamangu akasema, "hiyo ndiyo dawa ya Wajerumani?"

"Ndiyo, mama."

"Na nyanyako alikuwa anafanya nini miaka yote ile, akisoma udaktari?"

Karafuu ndiyo iliyorudi kwanza. Wiki nne haikuwa kitu. Wiki ya tano ikawa kama mtu anayeongea chumba cha tatu, unajua kuna sauti, hujui anasema nini. Mgomo wa wauguzi ulipoanza Desemba nilikuwa nyumbani, bila kazi ya kufanya ila kukaa barazani na kopo langu, nanusa. Asubuhi moja nikasikia karafuu kabisa, kavu, yenye ukali wake ule unaokwenda nyuma ya jino. Sikulia. Nilikwenda nikaigawia familia nzima waniambie kama na wao wanasikia hivyo hivyo, wakanihurumia wakakubali.

Vingine vilirudi kwa mwendo wao, bila mpangilio. Limau Januari. Shombo la gati la feri, pamoja na dizeli na jasho la watu wa saa kumi na mbili asubuhi, lilinirudia mwaka 2021 siku chache baada ya kuchanjwa, nami nikalivuta kwa pua zote mbili hadi mwanamume aliyekuwa kando yangu akasogea. Iliki ilichelewa mno. Kahawa ilichukua karibu miaka miwili. Kitunguu kinachokaangwa hadi leo kina kona moja mbovu, kama redio isiyoshika stesheni barabara. Nakila. Nimezoea.

Jambo moja bado linaniuma, nalo ni ile fomu. Nilipoandika kuomba iongezwe swali moja tu la harufu kwa mhudumu anayerudi kazini, na pia atafutiwe wa kumsaidia kunusa ikiwa yuko kwenye vidonda, niliambiwa ombi limepokelewa. Limepokelewa hadi leo. Mtu akivunjika mkono hapewi mgonjwa wa kunyanyua. Mtu akipoteza pua anapewa wodi nzima.

Wiki iliyopita muuguzi kijana wa zamu yetu alikuja na mafua, pua imeziba, macho mekundu. Alisimama kitanda cha 9, bandeji imefunguliwa nusu, akanipungia mkono. "Dada, samahani, sisikii kitu. Hebu ninusie hiki."

Nikavua barakoa kidogo, nikainama, nikavuta. Kulikuwa na kitu, cha utamutamu, kwa mbali. Au ilikuwa ile kona yangu mbovu. Nikamwambia amwandikie daktari, ila kwanza akamwite mama wa usafi.